Uzito wa Kuivuka Pete

Bi Hedwig Tönnies alifika kwenye bustani yetu ya michezo amevaa koti la mazishi, mkoba kaukumbatia.

"Niwashie treni, Arno," akaniambia. "Leo napanda."

Nilidhani kachanganyikiwa. Pete, treni yetu ya bembea inayopinduka kwenye duara la chuma, ilishafungwa, na mafundi wa vyuma chakavu walikuwa wanashusha mitungi yao ya gesi ya kuikatia. Lakini nilimwelewa. Mumewe, Konrad, ndiye aliyefunga nati za lile duara kubwa mwaka 1979, watu wakaja kwa mabasi kutoka Hannover kupinduliwa miguu juu na kutapika soseji zao. Kila msimu alimwomba mkewe wapande pamoja. Kila msimu mkewe alimjibu, "Mwakani." Konrad tulimzika mwezi wa tatu.

"Mashine ni nzima, nimeikagua mwenyewe," nikamwambia. "Tatizo ni baridi."

Grisi ikiganda, treni nyepesi haivuki duara. Inarudi kinyumenyume na kukwama chini ya duara. Ndiyo maana kila asubuhi ya baridi tuliijaza kwanza mifuko ya mchanga, na mifuko yote tulishaigawa wakati wa mafuriko.

"Uzito ule pale," akasema, akiwatazama mafundi.

Bosi wao, Ruprecht, pande la mtu, akacheka. "Mama, sisi tumekuja kukata, hatukuja kubembea."

"Unaogopa?"

"Nani, mimi?"

"Basi keti. Hilo tumbo leo limepata kazi."

Wenzake wakaangua kicheko, wakamsukumia kitini, kisha wakapanda na wao, Bi Hedwig akakaa kiti cha mbele.

Nikabonyeza kitufe. Treni ikapanda ikilalamika, ikaporomoka, ikaingia kwenye duara. Kule juu ikapunguza mwendo mpaka ikakaribia kusimama. Nikamsikia Bi Hedwig akipiga kelele, "Konrad, sukuma!"

Ikavuka.

Alishuka machozi yakimtoka bila kuyaficha. Ruprecht, uso mweupe kama unga, akaokota bomba lake la moto wa kukatia chuma.

"Pole, Mama. Sasa lazima tukate."

"Kateni kwingine kote. Duara halikatwi." Akafungua mkoba, akatoa spana ya Konrad. "Lilifungwa kwa mkono, litafunguliwa kwa mkono."

Akaipachika kwenye nati ya kwanza, akaegemea kwa nguvu zake zote. Nati ikagoma. Akaegemea tena, meno kayauma.

Ruprecht akaweka bomba chini, akaja akashika spana nyuma ya mikono ya Bi Hedwig.

"Haya, Mama," akasema. "Sukuma."