Mada ya Moyo

Mama Sayi alikuwa na stashahada ya ugavi, lakini chuo cha uuguzi kilimtaka kwanza afaulu sayansi ya kidato cha nne. Akagawana mada na Farzana, mwenye duka la vitambaa pale Iyunga, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani huohuo: kila mmoja aandike notsi zake, kisha wabadilishane. Farzana akaleta kurasa tele za jicho na sikio, zimechorwa kwa rangi.

"Hizi notsi au kanga?" Mama Sayi akamcheka. Yeye, asiyependa maneno mengi, mada ya moyo aliimaliza kwa mstari mmoja: "Moyo unasukuma damu. Mengine tunayajua."

Kwenye mtihani wa majaribio, jicho alilichora hadi kope. Swali la mzunguko wa damu, lenye alama nyingi kuliko yote, likamduwaza.

"La moyo umejibuje?" akamuuliza Farzana walipotoka.

"Kama ulivyonifundisha, Mama Sayi. Unasukuma damu, mengine tunayajua."

Alitaka kumgombeza, ila naye alikuwa ameandika hivyo hivyo, tena kwa mwandiko mzuri.

"Twende kwangu," akasema. "Mtihani wenyewe bado, na mada yangu sijaisoma."