Gitaa Lililomwitikia Mwinjilisti Kalisti

Mwinjilisti Kalisti alitaka gitaa langu lichomwe moto, na alitaka lichomwe Jumapili ileile, kabla ya chai.

"Linalia lenyewe," aliwatangazia waumini katika ukumbi tuliokuwa tukiukodi Langley Park, Marekani, mwaka 2006. "Nikiomba, linanung'unika. Nyumba ya Mungu haikai na pepo, Ghati, hata kama baba yako ndiye aliyemleta."

Gitaa hilo Baba alilinunua mji wa Woodbridge, kwenye mnada wa vitu vya bibi mmoja wa Kizungu aliyefariki. Umri wa gitaa unatuzidi mimi na Kalisti tukijumlishwa. Chini ya nyuzi zake sita zimepita nyingine, nyembamba, ambazo mpigaji hazigusi. Sauti inayolingana nazo ikisikika karibu, zinaitika zenyewe. Niliyaeleza haya kwa heshima zote.

"Mmesikia? Anakiri!" Kalisti alifoka. "Shule ya bweni imemharibu huyu mtoto. Leteni kiberiti!"

"Humu kuna kengele ya moto, mwinjilisti," alisema Mama Elieth, kiongozi wa kwaya.

Mimi sina kinyongo na mtu. Ila Kalisti huomba kwa noti moja tu, ya puani, kama friji bovu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimezikaza nyuzi zote za chini ziifuate noti hiyo.

"Liwekwe kitini, kila mtu aombe," nilisema. "Likiwaitikia wote, nitalichoma mwenyewe."

Mchungaji Fidelis akaomba kwa besi yake. Kimya. Mama Elieth akaomba kwa sauti nyembamba. Kimya. Kalisti akanyoosha mkono: "Eeeh Bwanaaa..."

Ndiiii, likavuma gitaa.

Waumini wakalitazama. Kisha, polepole, wakamtazama Kalisti.

"Ndugu yangu," akasema Mchungaji kwa upole wa kutisha, "una jambo ungependa kutuambia?"

"Mimiii? Ni huyu mtoto mshenzi!"

Ndiiii.

"Gitaa libaki," akaamua Mchungaji. "Ndilo lililotufichulia pepo yumo ndani ya nani. Mshikeni."

Mama Elieth akamvua miwani. Mikono ikajaa kichwani pake.

"Toka!"

"Niacheniii!"

Ndiiii.

"Bado yumo! Toka!"

Gitaa likinyamaza wangemwachilia, na lingenyamaza mara moja kama ningelaza kiganja juu ya nyuzi. Lakini viganja vyangu nilikuwa nimevikutanisha kifuani, macho nimeyafumba, nikimwombea Mwinjilisti kwa uchungu mkubwa.