Kiti cha Kulia

Mume wangu Faustin alikuwa mzito, na uzito ule niliupika mimi mwenyewe. Nilijivunia, hadi Jumapili ile ya mashindano ya magari hapa Élisabethville, mwaka wa hamsini na tano.

Alikuwa fundi katika karakana ya Bwana Gérard, Mbelgiji aliyejiundia kigari cha mbio chenye viti viwili. Kigari kilikuwa na maradhi yake. Kikikata kona ya kulia kwa kasi, gurudumu la nyuma la kulia lilinyanyuka na mkia ukateleza nje. Bwana akaona dawa ni kukaza; akaweka springi ngumu nyuma. Kikazidi kurukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Faustin naye alikuwa ameafiki, msije mkadhani nimeolewa na mjuzi wa kila kitu. Wakabahatisha majuma mengi kwenye barabara ya Naviundu, mpaka walipolainisha nyuma na kukaza mbele, gari likatulia. Siku zote hizo Bwana aliendesha, na Faustin akaketi kiti cha kulia, shingo nje, akisikiliza springi.

Asubuhi ya mashindano nilisimama nyuma ya kamba iliyotutenga sisi weusi, karibu na mahali pa kuanzia. Faustin akaja mbio, uso umempauka.

"Mama Annie, nimekufwa."

"Kuko nini?"

"Bwana anaenda peke yake. Bakubwa ba course ya motokari banakatala muntu mweusi apande. Na motokari tuliitengeneza na miye ndani! Uzito yangu njo ilikuwa nakandamiza ile mupira ya nyuma. Kama kiti iko bila muntu, kwa kona itaruka, Bwana atapinduka. Akikufwa, fundi njo batafunga."

Mzungu akifa, nani atauliza habari za springi? Watauliza jina la fundi tu. Nilimwona Faustin gerezani na mtoto wetu Annie akimwulizia kila jioni. Hofu ikanigeuka hasira.

"Basi enda umuambie!"

"Nilimuambia. Anasema niko natafuta tu kupanda."

"Rudia, Baba Annie. Rudia mpaka akupige!"

Akapita chini ya kamba. Polisi akamkamata shati, likachanika, naye hakusimama. Nilimwona akifika kwenye gari, Bwana akimfokea, na yeye, badala ya kujibu, akalalia kona ya nyuma ya kulia kwa mwili wake wote. Gari likainama. Akajiondoa, likapanda. Bwana Gérard akafuta jasho, akatazama kiti kitupu, kisha akaonyesha kwa kidole magunia ya mchanga yaliyopangwa kwenye kona kuzuia magari.

Faustin akabeba gunia moja begani, akaliketisha, akaongeza la pili, akayafunga kwa kamba. Nilikuwa nimeng'ata kitambaa changu, sijui tangu saa ngapi. Kwani msimamizi wa mashindano, mmoja wa wale wakubwa waliomkataa Faustin, alikuwa anakuja.

Akainama. Akayabonyeza magunia, akavuta kamba, akamwamuru Faustin akaze fundo moja lililolegea. Halafu akatikisa kichwa kukubali.

Magari yakaondoka. Kwenye kona ya kulia sikuweza kutazama. Nilisikia tu injini ikipungua, ikilia tena, na Faustin, aliyekuwa amerudi pembeni yangu, akipiga kelele na machozi yakimtoka.

"Inakamata! Mama Annie, mipira yote iko chini, inakamata!"

Nilimshukuru Mungu kweli, kwa sababu mume wangu angelala nyumbani. Lakini sikuweza kucheka naye. Kwa majuma yote yale aliketi pale bila kamba, na hakuna aliyeuliza kama ataanguka.