Tundu la Ampea

Karani wa ofisi ya maji hakumpenda mume wa mdogo wake, na wala hakujisumbua kulificha hilo. Alimchukia siku ya posa, akamchukia zaidi siku ya harusi, na chuki ilipokwisha kuiva sawasawa ndipo mtu huyo akahamia nyumbani kwake na sanduku la bisibisi.

Nyumba ilikuwa ya wazazi wao, ambao wote wawili walikwisha kutangulia mbele ya haki. Karani ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha mpaka akawa muuguzi. Yeye mwenyewe hakuoa. Nani, alipenda kuuliza, angevumilia moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya ndani ya nyumba? Chumba cha uani kilikuwa chake: meza ndefu, taa ya kuinama, redio zilizopasuliwa matumbo, na vipimo vyake vimetundikwa ukutani. Akitoka kazini, dada mtu huja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, anasimulia vituko vya wodini huku kaka mtu anachomelea nyaya. Hayo ndiyo maisha aliyoyataka Karani, na hakuona kwa nini mtu aje ayavuruge ati kwa sababu ameoa.

Mvurugaji mwenyewe alikuwa dereva wa basi la shule, ambalo lililala mbele ya nyumba kila usiku, mtu wa sauti kubwa na meno mazuri, na kwa bahati mbaya alikuwa na wazimu uleule wa kuchezea umeme. Hata wiki haikuisha, bisibisi zake zikawa mezani. Zikafuata koleo zake, kikombe chake cha chai, na viwiko vyake. Halafu akaanza kutumia mita ya Karani.

Sasa, mita ni chombo cha kiganjani tu, lakini ina adabu zake. Ukitaka kupima volti, waya mwekundu unakaa kwenye tundu la volti. Ukitaka kupima ampea, yaani umeme unaopita, unauhamishia tundu la pembeni. Ukimaliza, unaurudisha kwenye volti kabla hujaiweka mita chini. Usipourudisha, atakayekufuata akaja kuchomeka ncha za mita kwenye soketi ya ukutani, umeme wote wa nyumba utapita humo ndani kama maji ya bomba lililopasuka, na kitakachomwokoa ni fyuzi peke yake, inayoungua na kuukata umeme. Kwa watu wa meza hizi, kuuacha waya kwenye ampea ni utovu wa adabu mbaya kuliko kutema mate sakafuni.

Dereva alikuwa bingwa wa kuuacha. Karani alisema, akafoka, mwishowe akaiba rangi ya kucha ya dada yake akalizungushia tundu la ampea duara jekundu.

"Shemeji," Dereva alicheka alipoliona, "umeanza kuipamba mita? Ipeleke na saluni basi."

Karani alimpa kisogo. Siku chache baadaye, alipokuwa anapima soketi, mita ikalia pah, ikazima. Waya ulikuwa kwenye ampea, na si yeye aliyeuacha huko. Aliifungua, akakuta fyuzi imekwenda. Alizunguka maduka yote ya vifaa, lakini ile fyuzi yenyewe, nene, ya kauri, yenye mchanga ndani, hakuna aliyekuwa nayo. Akarudi akiwa amevimba kwa hasira, akasokota nyuzi za shaba, akazichomelea pale ilipokuwa fyuzi. Ni kwa muda tu, alijisemea. Na kumwambia Dereva? Kwa nini amwambie? Kila mtu ashike adabu yake. Akaitundika mita palepale ukutani, ambapo alijua fika ni mkono wa nani huipapasa kila mara, na chakula chake alikila kwa raha zake.

Ugomvi wenyewe ulilipuka Dereva alipoleta osiloskopu, chombo cha kuchora mawimbi ya umeme. Lilikuwa jidude la mtumba, kubwa kama sanduku la safari, lenye kioo cha kijani, na alilitua upande wa Karani wa meza. Walitupiana maneno mpaka majirani wakachungulia. Muuguzi alisimama katikati yao bado na sare yake ya kazini.

"Kaka, mimi nimechoka kuwa refa," alisema. "Karibu na hospitali kuna vyumba tumeviona. Mkigombana tena, tunahama. Na wewe," akamgeukia mumewe, "usicheke, sitanii."

Maneno hayo yalimkata Karani maini. Alitaka Dereva atoke mezani pake, lakini asitoke nyumbani, kwa sababu akitoka yeye, dada anatoka naye. Kwa hiyo alianza kumeza. Alimeza viwiko, akameza kikombe cha chai, akameza hata mluzi ambao jamaa alipenda kupiga akiwa anashika vitu vya watu. Kila alichomeza kilimkaa kooni.

Jumapili moja asubuhi alikuwa peke yake mezani, anapima redio ya jirani inakula umeme kiasi gani. Waya mwekundu ulikuwa kwenye ampea, kama inavyotakiwa. Mara Dereva akaingia na mluzi wake, akawasha jidude lake, akalikazia macho.

"Umeme wa leo uko chini, shemeji. Ona."

"Uko sawa. Hicho chombo chako ni kibovu."

"Kibovu? Basi hiyo mita yako ndiyo inakudanganya. Betri ikichoka si inasoma juu? Au hukulijua hilo?"

Karani alikuwa amebadilisha betri jana yake. Na hata asingekuwa amebadilisha, kuna mambo mtu haambiwi ndani ya chumba chake mwenyewe.

"Mita yangu haijawahi kudanganya mtu."

"Kila mzee husema hivyo."

Muuguzi alikwisha kusikia sauti. Alitokea mlangoni, mikono imelowa maji ya kuoshea vyombo. "Mmeanza?"

"Hatujaanza kitu," Karani alisema. "Namwonyesha tu."

Alizinyofoa ncha kwenye redio, akazungusha swichi ya mita hadi kwenye volti, akaifuata soketi ya ukutani.

"Shemeji, ngoja!" Dereva alipiga kelele. "Waya! Uko kwenye ampea!"

Alisikia. Asije mtu akasema hakusikia. Alisikia kila neno, na kilichomuuma ni mdomo uliolitoa. Mtu huyo, aliyeharibu fyuzi yake, leo amfundishe waya unakaa wapi, tena mbele ya dada yake?

"Wewe unifundishe mimi?" alisema, na akachomeka.

Mlio ulikuwa kama wa mlango uliopigwa teke. Mwanga mweupe ukajaa chumba, mita ikapasuka tumbo mkononi mwake, na Karani akajikuta amekaa chini akiangalia kiganja ambacho hakikufanana na chake. Dereva aliruka hadi barazani akakata swichi kuu. Muuguzi hakupiga yowe. Alileta maji, akaleta boksi lake la dawa, akapiga magoti na kuanza kazi.

Dereva aliiokota mita, akaigeuza. Akaiangalia ndani kwa muda mrefu, bila mluzi. Kisha akaiweka sakafuni mbele ya mkewe.

"Nini?" aliuliza muuguzi.

"Hapo pana mahali pa fyuzi," Dereva alisema taratibu. "Pamewekwa waya mtupu." Alimtazama Karani, akaangalia pembeni. "Labda fyuzi hazikupatikana. Madukani ni shida siku hizi."

Ilikuwa kweli tupu, na Dereva alimpa bure. Karani alipaswa kuitika tu. Lakini kuokolewa na mtu huyu ilikuwa kazi ngumu kuliko kuungua.

"Usinisemee," alisema.

"Haya, sema mwenyewe," muuguzi alisema, bandeji inazunguka mkono polepole. "Ulijua mume wangu anaitumia hii mita?"

"Nani asiyejua?"

"Ulimwambia haina fyuzi?"

Mkono wa Karani ulikuwa unawaka moto, na hasira nazo zilikuwa bado zinampanda.

"Angekuwa na adabu ya kurudisha waya," alisema, "asingedhurika."

Bandeji ilisimama. Muuguzi alimwangalia kaka yake kama anavyomwangalia mgonjwa ambaye ametaja mwenyewe kinachomuuma. Kisha akaendelea, akaizungusha hadi mwisho, akaifunga fundo zuri, lisilobana wala kulegea, akanawa mikono.

"Basi liko wapi?" alimuuliza mumewe.

"Nje."

"Lisogeze mlangoni."

Karani alianza kujiinua kwa mkono mmoja, mguu unatafuta ndara chini ya meza. "Hospitali ya nini," alinung'unika. "Jeraha lenyewe dogo."

"Wewe kaa, kaka," alisema muuguzi. "Basi ni la vitu vyangu."