Picha Moja ya Mwanarusi

Mke wangu, Mwanarusi, aliikataa kamera miaka yote, na mimi mumewe ni mpiga picha wa kupita mitaani hapa Changamwe. Wiki ile ya mwisho ya ugonjwa wake, hospitali hakuna dawa na wakubwa wanajenga maghorofa, akajifunga leso yake nzuri akaniambia, "Haya, nipige. Lakini moja tu."

Nikampiga moja. Siku ya nne tukamzika.

Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na sisi wa mitaani hatupeleki filamu kuoshwa haijajaa. Zilibaki tatu. Ndipo Elkana, fundi wa vioo, akaniomba nimpige mbele ya jumba jipya la serikali pale kilimani. Na jumba, wallahi, lilikuwa ajabu: ghorofa ya juu imetokeza hewani bila nguzo, vioo vya buluu toka chini hata juu, mawingu yapita ndani yake.

"Nishikie lote, Matano," akasema Elkana. "Mamangu kule Kaloleni hataamini."

"Wewe utaonekana kama siafu."

"Siafu aliyetia vioo hivyo!"

Nikabonyeza mara tatu. Nilipoondoa jicho, Elkana hacheki tena. Mtu wa suti ya kijivu alikuwa akitoka langoni, polepole, kama ajuaye kuwa huna pa kukimbilia.

Mwaka ule wa themanini na saba, kupiga picha jumba la serikali ni kosa, na watu wa suti, wale wa usalama, wakikuchukua, kwenu hawaambiwi. Lakini zaidi niliogopa mlango wa kamera. Akiufungua, mwanga uingie uiunguze filamu, Mwanarusi atakuwa amekufa mara ya pili. Nikampa mgongo, nikajifanya nakohoa, huku nazungusha kile kimkono cha kurudisha filamu. Vidole vyateleza kwa jasho. Ilipoingia yote koponi mwake nikaichomoa, nikaipachika kwenye pindo la kikoi.

"Lete hapa." Akafungua kamera. Tupu. "Filamu iko wapi, mzee?"

"Haimo, bwana mkubwa. Nilikuwa... namfurahisha huyu tu."

Akanitazama juu hata chini. Kisha akamgeukia Elkana. "Umesikia? Umekenua meno bure."

Yule akatoa kijitabu, akaniuliza jina, akaandika: Matano Boga, mpiga picha, Changamwe.

"Kamera inabaki. Na picha ya jumba hili ikionekana popote, ulipo napajua."

Kuiosha filamu lazima niipeleke studio, na mwosha picha huziona zote, hizo tatu za mwisho nazo. Mara mbili nimefika mlangoni. Mara mbili nimerudi, shati limenilowa mgongoni.

Juzi, ofisini kwa chifu, nimeliona jumba lile kwenye kalenda ya serikali, kubwa, rangi zote, vioo na mawingu yake. Wao wenyewe wamelipiga na kulitundika ukutani. Mimi jina langu limo kijitabuni miaka tisa sasa, na hakuna aliyekuja kuniambia limefutwa.

Filamu imo katika mkebe wa iliki wa Mwanarusi. Sijaitoa.