Ukuta Aliousoma Mzee Mansuri

“H, N, D, Z,” mtu wa sita alisoma kule ndani, na Mzee Mansuri, aliyekaa kwenye benchi chini ya dirisha la zahanati, akasoma pamoja naye bila kutoa sauti.

Alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi. Komisio ya walemavu ilikuwa imefika Rumonge kwa siku mbili tu, nayo ilikuja na fishi, yaani fomu ya kujazwa, ya namna moja kwa watu wote: kila mtu apimwe kila kitu. Idi, ambaye mguu wake wa kushoto ulikatwa baada ya kugongwa na lori la mawese, aliulizwa kama anaweza kusimama kwa mguu wa kushoto. Alipoeleza kwamba huo ndio hana, aliambiwa ajibu ndiyo au hapana. Latifa, fundi cherehani ambaye hasikii hata radi, alisomeshwa herufi za ukutani. Kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe, alizisoma kwa sauti ya mwadhini, mstari kwa mstari, mpaka ule wa chini kabisa wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Foleni nzima ilicheka. Mansuri hakucheka. Alikuwa anahifadhi.

Yeye hakuja kuomba msaada. Mkewe Esha ndiye aliyemwandikisha bila kumuuliza, kwa sababu alisikia kwamba kadi ya komisio inampa mtu matibabu ya bure na posho kidogo kila miezi mitatu. Walibishana siku nne. Mwishoni Mansuri alikubali kwenda ili apimwe, aonekane mzima, na maneno yaishe.

Kwa miaka thelathini alikuwa mchambuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye ufukwe wa Rumonge. Wachuuzi walimwachia ndagala zao, naye alitenga zilizokauka na zenye unyevu, nzima na zilizokatika, akaondoa mchanga na vijiwe. Mzigo uliopita mikononi mwake uliuzwa Bujumbura bila mnunuzi kuufungua. Watu walisema: huo umepita kwenye jicho la Mansuri. Na jicho lenyewe, tangu miaka miwili iliyopita, lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kisha giza pembeni, mpaka sasa lilimbakizia mwanga na vivuli. Hakumwambia mtu. Aliamini kwamba hakuna anayejua.

“Anayefuata,” sauti ya kiume iliita.

Wakati huohuo upepo wa ziwa ulipita dirishani ukapeperusha makaratasi. Mansuri aliingia akiwa amenyoosha mgongo, akahesabu hatua nne, akageuka upande ambao sauti ya Latifa ilikuwa imegonga.

“Soma herufi unazoziona,” alisema Dokta Aristide, mkuu wa komisio, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mihuri yake.

Mansuri alisoma. Alianza na zile kubwa, akashuka taratibu. Kwenye mstari wa nne alisita kidogo na kukunja uso, kama mtu anayejitahidi kuona, kwa sababu alifikiri ingependeza. Akamaliza mpaka ule wa chawa.

“Bon,” alisema Aristide. “Macho ya kijana. Anaweza.”

Chanceline, muuguzi, alikuwa amepiga magoti pembeni. Karatasi ya herufi ilikuwa mikononi mwake. Upepo ulikuwa umeiangusha, na yeye alikuwa bado anatafuta gundi ya kuirudisha. Alimtazama mzee aliyesimama wima mbele ya ukuta mweupe, akawatazama watu waliochungulia mlangoni. Akaona haya kwa niaba yake, akanyamaza.

“Murakoze,” alishukuru Mansuri, akatoka bila kugusa mlango.

Mchana alimsimulia Esha habari hizo, akakaa kitini kama mtu aliyerudi na shahada.

“Umezisoma zote?” Esha aliuliza. Alikuwa anachagua mchele.

“Mpaka za chini.”

“Alhamdulillahi,” alisema Esha, kwa sauti ya mwanamke aliyeambiwa kwamba kuku wake amejifunza Kifaransa.

Kule zahanati, watu walipoisha, Chanceline aliiweka fishi ya Mansuri mbele ya Aristide.

“Dokta, huyu mzee haoni.”

“Amesoma zote.”

“Amesoma ukuta.”

“Amekosea?”

“Hapana. Hakukosea hata moja.”

“Sasa unataka niandike nini?” Aristide alivua miwani yake, akaifuta. “Kwamba mtu amefaulu sana?”

“Twende tumwone akiwa kazini. Iko hapo chini tu, ufukweni. Hapa tunamuuliza mtu maswali ya karatasi, naye anatupa majibu ya karatasi.”

Aristide alisema komisio haina muda wa kutembelea watu. Kisha akakumbuka kwamba mama mkwe wake alimwagiza ndagala za Rumonge, akasema labda asubuhi, dakika kumi.

Asubuhi hiyo Esha alimtangulia mumewe kwenda ufukweni, hatua tatu mbele kama kawaida, na kama kawaida alilalamika njia nzima. Alilalamikia mtaro ambao wakuu wa komine hawajaufunika. Alilalamikia jiwe ambalo hakuna mwenye akili ya kuliondoa, na pikipiki iliyoegeshwa ovyo upande wa kulia karibu na msikiti. Mansuri alimfuata akiwaza kwamba uzee huwatia wanawake manung’uniko, na kwamba mwanamume mwema huvumilia.

Saa moja na nusu alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wake, mikono ikienda. Alisikia viatu vya ngozi vikikaribia, kisha kitu kikavunjika kama majani makavu.

“Umekanyaga ndagala za Hadjara,” alisema bila kugeuka. Mchuuzi huyo alianika zake mchangani, kando ya mkeka.

Aristide aliruka kando, akakanyaga nyingine. “Umeona?” alimwambia Chanceline. “Ameniona.”

“Nimekusikia,” alisema Mansuri. “Na sasa umekanyaga zangu.”

Chanceline alichuchumaa karibu na mkeka, akasalimu, akashusha sauti. “Baba, nataka kukuambia kitu. Jana uliposoma, ile karatasi haikuwa ukutani. Upepo uliiangusha. Ilikuwa mukononi mwangu.”

Mikono ya Mansuri ilisimama.

“Yote?”

“Yote, baba. Ulisoma ukuta mutupu.”

Mzee alifikiri. “Ukuta wenu umeandikwa vizuri,” alisema mwishoni.

Chanceline alicheka, na Mansuri naye akacheka, lakini kicheko chake kilimkatikia njiani. Aliokota ndagala moja akaigeuzageuza, ingawa ilikuwa nzima na kavu na haikuwa na la kuchunguzwa.

“Nionyeshe unavyofanya,” alisema Chanceline.

Akamwonyesha. Kavu hulia kidogo ikibanwa. Yenye unyevu hunyamaza. Iliyoanza kuoza haihitaji mkono, pua inatosha. Chanceline alifumba macho akajaribu, akaweka ndagala zake tano kwenye fungu la nzuri. Mansuri alipitisha vidole juu yake.

“Nne iko sawa,” alisema. “Ya tano ni kijiti, binti.”

“Voilà,” alisema Aristide. “Anafanya kazi kuliko wanaoona. Fishi iko na visanduku viwili, Chanceline. Anaweza. Hawezi. Niandike hawezi, wakati ameketi hapa anatufundisha?”

“Na kutoka nyumbani mpaka hapa, baba?” Chanceline aliuliza. “Unafikaje?”

“Njia naijua.”

“Anaijua kwa sababu ninailalamikia,” alisema Esha. Alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, kapu mkononi. “Munafikiri mimi nachukia mawe? Nisipolalamikia jiwe, ataligonga. Siku niliyougua malaria, alikwenda peke yake akarudi hana kucha.”

Mansuri alimgeuzia uso. Aliupitia moyoni ule mtaro wa kila siku, na jiwe, na pikipiki ya kila siku iliyoegeshwa ovyo.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu Ramadhani ya mwaka juzi, ulipomusalimia mbuzi wa Hadjara. Ulimuuliza habari za watoto.”

“Nilidhani ni Hadjara mwenyewe,” alisema Mansuri polepole. “Hakunijibu. Nikasema, huyu ana hasira na mimi.”

Aristide alikohoa, akageukia ziwa, na mabega yake yakatikisika. Esha hakucheka. Aliinama, akapandisha suruali ya mumewe mpaka magotini. Miundi yote miwili ilikuwa na makovu, mapya juu ya ya zamani, mengine bado mabichi.

“Andikeni hii,” alisema. “Hii nayo iko na herufi.”

Aristide aligeuka akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote siku ya jana, na bega halikutikisika tena.

“Baba Hamidou,” Esha alimwambia mumewe, taratibu sasa, “waambie wewe mwenyewe.”

Mansuri alishusha suruali yake, akaipangusa mchanga. Alipozungumza alizungumza na mkeka.

“Naona mwanga. Naona kwamba mutu iko mbele yangu, sioni ni nani. Usiku sioni kitu. Nimesema. Sasa wachuuzi wakisikia, nani ataniachia ndagala zake?”

Ufukweni hakuna siri ya sauti ndogo, na Hadjara, ambaye ndagala zake zilikuwa zimekanyagwa, alikuwa jirani kabisa, akiokota vipande. Aliinuka, akachukua karai lake, akaja nalo. Siku zote aliliacha ukingoni mwa mkeka na kwenda zake. Leo aliliweka mpaka likagusa goti la Mansuri.

“Za leo iko na muchanga mwingi,” alisema. “Fanya pole pole.” Akaondoka. Baada ya hatua chache akaongeza, “Na mbuzi anakusalimia.”

Aristide aliandika akiwa amesimama, fishi juu ya mgongo wa mkoba. Hakutia alama kwenye kisanduku chochote. Katikati ya visanduku viwili, mahali ambapo hapakuwekwa pa kuandika, aliandika: anaweza, kwa kuumia. Aliisoma tena, akaonekana kuipenda. Katika ripoti yake kwa wakubwa wa Bujumbura alipendekeza fishi iwe na nafasi ya maneno, na mtu aulizwe yanayomhusu, mahali anapofanyia kazi. Aliandika kwamba wazo hilo lilimjia ufukweni, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hakuandika lilitoka kinywani mwa nani. Chanceline aliisoma ripoti, akaipiga mhuri, akasema hewala.

Kadi ilifika kabla ya mvua za vuli. Kwa kadi hiyo Mansuri alipelekwa kwa daktari wa macho, akaambiwa jicho la kulia limekwisha, la kushoto labda litabaki lilivyo akitia dawa kila siku. Alitia.

Kilichomshinda Esha ni maswali. Mtu aliyejifanya anaona kwa miaka miwili alikuwa na maswali ya miaka miwili. Nani huyo anapita? Amenenepa? Duka la Djibril lile la kona, walilipaka rangi gani? Bluu? Kwa nini bluu? “Afadhali ulipokuwa unadanganya,” Esha alimwambia, na Mansuri alicheka, akauliza kama ukuta wa msikiti bado una ufa.

Alasiri moja, mvua ilipokwisha kunyesha na hewa ikawa imeoshwa, walikuwa wanakunja mkeka.

“Milima ya Kongo inaonekana?” aliuliza Mansuri.

“Inaonekana.”

“Yote?”

Esha aliweka mkono juu ya macho. Alizaliwa akiiona milima hiyo ng’ambo ya ziwa, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuitazama. “Iko mingi,” alisema kwa mshangao. “Mingine iko nyuma ya mingine. Ule wa katikati unatoa moshi.”

“Wa kuchoma shamba au wa kupika?”

“Subiri.”

Alivua sandali zake, akainua kitenge, akaingia majini mpaka magotini ili aone vizuri zaidi. Mansuri alisimama mchangani, uso umeelekea ng’ambo, akingoja.