Mstari wa Majivu Kiwandani kwa Wabwile

Mavuno ya 1989, malori ya mahindi yenye unyevu yalipanga foleni mbele ya kiwanda cha Wabwile cha kukaushia nafaka, Kitale. Ili kazi iende upesi, Wabwile alifunga kwa waya vali ya usalama ya boila, ile inayotoa mvuke ukizidi. Boila ikapasuka, ikamuua mwendeshaji wake, Wekoye. Wabwile aliuficha waya, akawaambia wakaguzi kwamba Wekoye alilala kazini.

Dada ya Wekoye, Wilkista, alifundisha hesabu Bungoma. Aliwaeleza wakaguzi taratibu kwamba si lazima kujua mahindi yataleta unyevu gani. Inatosha kujua hautazidi kiasi gani. Kisha unakagua ukingoni tu. Ikiwa pale kila msukumo unaowezekana unairudisha nguvu ya mvuke ndani ya kikomo, haitatoka kamwe. Vali ingekuwa huru, boila isingepasuka hata kama Wekoye angelala mwezi mzima. Wakaguzi walimshukuru, wakamaliza chai yao.

Wilkista akachota majivu ya boila, akazungushia kiwanda mstari. Aliukagua wote: upepo, matope, lori, askari, maombi ya mchungaji. Kila msukumo ungemrudisha Wabwile ndani. Akaenda kusahihisha mitihani.

Jioni Wabwile alitoka kwenda kwao Bumula, akajikuta amerudi ndani, kwenye mizani ya kiwanda. Alijaribu kutembea kinyumenyume. Alijaribu kujificha ndani ya gunia. Lori lilifika Bungoma na gunia tupu. Mkewe alimletea kitanda.

Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Wabwile ndiye kifungua mimba, na udongo wa kwanza kaburini ulikuwa wake kutupa. Wilkista alikuja na ufagio, akasimama nje ya mstari.

"Mwalimu, fagia hapa kidogo tu. Mama anazikwa kesho."

"Sema nani alifunga vali."

"Si nilisema? Wekoye alilala, bana."

"Basi mama atazikwa kama Wekoye, bila neno lako."

Kesho yake, saa ya mazishi, Wabwile alikiri kwa kupaza sauti. Sauti ilifika kwenye majivu, ikarudi. Wilkista, akiwa nje, aliona midomo ikitaja waya na jina la ndugu yake. Madereva waliokuwa ndani walisikia, wakavua kofia. Walipovuka mstari, hakuna aliyekumbuka kwa nini kofia iko mkononi.

Kuufuta mstari kungeutoa nje ukweli, na Wabwile pia. Wilkista alilipima jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha akaweka ufagio chini, akaongeza majivu palipoanza kufifia.

Ripoti ya wakaguzi bado inasema Wekoye alilala.